Fundo kwenye Mtandio wa Mtaalamu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kikombe. Wakubwa wote waliowahi kuingia kwenye chumba chetu cha kufulia mashuka ya hospitali waliacha vikombe vyao mezani. Yeye alikiosha chake, akakipangusa, akakirudisha kifudifudi.

Tulimwita Mtaalamu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha viongozi kuongoza, na kubadilisha utaratibu pale kazi inapokwama.

"Miaka ishirini na sita nabadilisha ofisi za watu," alituambia, "lakini nyumbani mume wangu hataki nisogeze hata kiti."

Tulicheka. Kicheko kikakatika alipobandika mpango wake ukutani na msimamizi akausoma: kila shuka lililochanika liandikiwe karatasi, lipelekwe nje kwa fundi. Meza ya kushonea iondolewe.

Meza ile ilikuwa ya shangazi yangu, na hakuwa na kazi nyingine.

Macho yake yamechoka. Kwa hiyo sisi waoshaji tukiona shuka limechanika, tunalifunga fundo pembeni. Yeye anapapasa rundo, anavuta lenye fundo, anashona kwa kufuata vidole. Karatasi ingeloa tu. Tena kuandika kwetu wengine ni mtihani. Mimi niliishia darasa la nne.

"Nani ana neno?" Mtaalamu aliuliza.

Tukainamia mabeseni yetu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi alininong'oneza. "Huyu kaja mwenyeji ahame."

Mimi neno nilikuwa nalo. Ila mbele ya watu huwa natazama miguu yao tu.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, niliuona mtandio wa Mtaalamu umetundikwa msumarini. Nikaufunga fundo pembeni.

Alipokuja kuuchukua alishangaa. "Hili nini tena?"

"Mama, mtandio umechanika!" mwoshaji mmoja akaangua kicheko. "Kwetu fundo maana yake hapo pana pa kushona."

Akaunyoosha mtandio kwenye mwanga. "Mbona mzima?"

Akatazama mafundo kwenye rundo la mashuka, kisha mpango wake ukutani. "Kumbe pa kushona ni hapa," akasema. Halafu akavuta kigoda, akaketi kando ya shangazi.

"Nifundishe, dada."

"Fumba macho kwanza."

Akafumba. Walipapasa mashuka pamoja mpaka saa ya kutoka. Kila alipopitwa na fundo, shangazi alimpiga kikofi cha mkono, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake ukutani palikuwa na mpango mwingine: mafundo badala ya karatasi. Meza ilibaki, ila ilisogezwa dirishani penye mwanga.

Siku ya kuaga alisimama mlangoni. "Nimewafundisha wakubwa wengi kusikiliza. Aliyenifungia lile fundo ni nani? Nataka nimshike mkono."

Niliinama, nikaendelea kukamua shuka lililokwisha kukauka.

Ni mimi, Mtaalamu. Na nililifunga legelege, lisije likakuumiza vidole wakati wa kulifungua.