Neno la Mama Mkwe

Tangu asubuhi Mama Sindano hakutulia. Chai ilimshinda, mkate ulimshinda, na gauni alilojishonea mwenyewe, yeye anayeshonea mtaa mzima, alilivaa nyuma mbele.

"Mama, leo anayeoa ni mimi au wewe?" mwanawe alimcheka.

Laiti angejua, asingetania.

Bi harusi alikuwa kiziwi, na baba yake, Seremala, kiziwi vilevile. Upande wa kushoto wa ukumbi walikaa watu wao, wanaozungumza kwa mikono, na wanazungumza kwelikweli. Asikudanganye mtu kwamba viziwi ni watu wa kimya. Walikuwa wakibishana, wakisengenyana na kutaniana kutoka meza hii hadi ile ya mwisho bila kunyanyuka kitini. Upande wa kulia walikaa jamaa wa bwana harusi, wapiga domo wa kuzaliwa, wamewakodolea macho wenzao kama waliokata tiketi ya sinema. Katikati alisimama mkalimani, jasho likimtoka.

Mkalimani huyo Seremala alimkubali kwa mambo yote ila moja. Binti yake mkubwa aliwahi kuolewa katika nyumba ya watu wanaosikia. Walimlisha, walimvisha, walimsifu kwa wageni, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kumuuliza ameamkaje. Alirudi kwao amekonda, na si kwa njaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo siku walipokwenda kuposa, Seremala alikata maneno: mbele ya watu wote, kabla hajamtoa binti yake, mama mkwe atamwambia mkwewe neno kwa mikono yake mwenyewe. Asipoweza, binti anarudi nyumbani na baba yake, na keki watakula wenyewe. Jamaa walicheka wakidhani ni mzaha. Mama Sindano alimtazama yule mzee usoni, hakucheka.

Basi akajifunza. Jioni bi harusi alikuwa akija dukani, wakikaa baina ya cherehani na rundo la vitambaa, na vile vidole vinavyotunga uzi bila miwani viligeuka magogo. Hata hivyo aliambulia maneno yake: Karibu, mwanangu. Nyumba yangu ni yako. Nitazungumza nawe kila siku. Mbele ya kioo aliyaweza. Lakini kioo hakina macho ya wakwe.

"Ukisahau je, Mama?" mwanawe alimnong'oneza walipokuwa wameketi meza ya mbele. Sasa naye alikuwa ameacha utani.

"Usiniulize hivyo, nitakufa hapahapa."

Mkalimani akamwita. Mama Sindano akasimama. Bi harusi alisimama mbele yake, akamtolea tabasamu dogo la kumtia moyo. Nyuma yake aliketi Seremala, mikono ameifumbata kifuani, mdomo ameukaza. Mama Sindano akainua mikono, na taa zikazimika.

Ilikuwa kazi ya mdogo wake, Mama Shughuli, mwanamke asiyeweza kuona jambo limetulia akaliacha litulie. Alikuwa amefunga mapazia mazito na kupanga na fundi wa taa kwamba dada yake akisimama tu, ukumbi uwe giza na keki iingie na mishumaa yake. Hakumwambia mtu. Alitaka kuwashtua watu, na aliwashtua.

"Kiberiti anacho nani?" sauti yake ilisikika mlangoni. "Jamani, kiberiti!"

Upande wa kulia walipiga vigelegele na miluzi. Upande wa kushoto hakukuwa na kitu, kisha viti vikaanza kuburuzika, na mwanamume mmoja akatoa sauti isiyo na maneno. Hapo Mama Sindano akaelewa. Kwake yeye giza lilizima taa tu. Wale lilikuwa limewakata ndimi.

Mkono ulimshika kwa nguvu. Ulikuwa wa bi harusi.

"Usiogope, mwanangu, ni taa tu," alisema, kisha akausikia ujinga wake mwenyewe.

Akaichukua mikono ya yule binti, akaiweka juu ya mikono yake ili aishike inavyosema. Akayatafuta maneno yake. Yalikuwa yamekimbia yote. Lililobaki ni lile lililokuwa limemjaa: akaweka ngumi mbili kifuani, akaziacha zitetemeke. Naogopa. Binti alitulia tuli. Kisha akazivuta ngumi zilezile, akaziweka kwenye kifua chake mwenyewe. Na mimi.

Taa zikawaka. Mama Shughuli alikuwa mlangoni na keki yenye mishumaa isiyowaka. "Zimeni tena, bado!" alipiga kelele, na hakuna aliyemjali.

Seremala alikuwa amesimama, uso umemsawijika, macho yakimtafuta binti yake. Alipomwona akashusha pumzi, kisha akamgeukia Mama Sindano na kutikisa mkono mara moja.

"Anasema, sema sasa," alisema mkalimani.

Seremala hakuwa ameona lolote la gizani. Mama Sindano aliitafuta tena ile karibu mwanangu, hakuiona. Mwanawe alikuwa amejishika kichwa. Basi, mbele ya ukumbi mzima, akaweka ngumi kifuani zikatetemeka: Naogopa. Hakuwa na la kuongeza, akalirudia.

Seremala akaanza kumjia. Anakuja kumchukua, aliwaza Mama Sindano, nimemwozesha mwanangu aibu. Mzee aliushika mkono wa binti yake, akautazama, kisha akamwonyesha maneno kwa vidole vyake vinene vyenye makovu ya msumeno.

"Anamwambia," alisema mkalimani, "mfundishe taratibu, vidole vyake vigumu."

Akauweka mkono wa binti ndani ya mkono wa Mama Sindano. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akakunja ngumi zake mbili, akaziweka kifuani, nazo zikatetemeka.

Mkalimani akafungua kinywa. Mama Sindano akamnyamazisha.

"Hilo acha," alisema. "Hilo nimelielewa."