Njia ya Kambi ya Asali

Bi Recheli alikubali kutoa ushahidi kwa sharti moja: kwanza apelekwe kambini. Marehemu mumewe, Silasi, alikuwa mrina asali ndani ya miombo ya Sikonge, na kuanzia mwaka wa kwanza wa ndoa Recheli alikwenda naye kambini. Warina wenzake Silasi walipiga kelele: mwanamke kambini, nyuki watahama! Nyuki hawakuhama ng'o. Iliyowahamisha nyuki ni kampuni moja isiyostahili hata kutajwa, iliyokuja miaka mingi baadaye na matrekta, ikafyeka msitu mzima, ikachoma mkaa, ikaondoka zake.

Recheli alikuwa na hamu moja tu duniani: kukaa tena pale alipokaa na Silasi chini ya mti wa mtundu, wakila masega na kucheka. Hamu hiyo ilimla kuliko njaa.

Najiat, wakili kijana kutoka Mtendeni, alikuwa akikusanya ushahidi wa watu kama Recheli. Alikuwa mmoja wa wanasheria wanaotaka uharibifu mkubwa wa mazingira uwe jinai ya kimataifa, wakubwa wa kampuni washtakiwe kama wauaji wa vitani.

"Waliofyeka huku watafungwa?" Recheli aliuliza garini.

"Hapana, bibi. Sheria hiyo ikipita haitarudi nyuma. Itawalinda wanaokuja."

"Haya. Nipeleke hivyo hivyo."

Walipofika alishuka kwa madaha, maana njia aliijua, nani amwoneshe? Unapita kulia kwa mninga uliopigwa radi, unateremka hadi kwenye mtundu wenye mizinga. Akanyoosha mkono. Mninga haukuwepo. Visiki tu, mpaka macho yanapokoma. Akaenda kushoto, akarudi, akaenda tena. Mwanamke ambaye hakupotea humo hata kwenye mvua kubwa, sasa alizunguka kama kuku mgeni.

Najiat akatoa simu. "Bibi, ramani inaonesha tuko hapa. Barabara ile pale."

"Siulizi barabara, mjukuu wangu. Nauliza kambi yangu."

Recheli akakaa chini juani, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani.

"Siku ya kumzika nilijua ninamwacha wapi," alisema. "Leo sijui."

Najiat alikuwa ameshawasha kinasa sauti. Akaona haya, akakizima, akamshika mkono.

"Kiwashe," Recheli alisema. "Waambie nimepotea. Mzaliwa wa hapa hapa, nimepotea."