Kisigino cha Kasiva

"Shika hivi, mama. Karibu na kifua," Jacqueline, mwongozaji wa filamu, alisema, akimkabidhi Kasiva kayamba.

Kasiva aliipokea kama mtu aliyepewa mzigo wa abiria mwingine. Walikuwa wamemfunga leso mpya na kumvika shanga za kuazima, naye akakubali yote, maana tangu asubuhi alikuwa akiitwa mama kwa heshima, na heshima hiyo ilimziba mdomo.

Studio ilikuwa ile ile, nyuma ya duka la vyuma mjini Voi, trei za mayai bado zimebandikwa ukutani kupunguza mwangwi. Humu Kasiva alipigia watu gita la besi tangu usichana wake: kwaya za Wusi kule milimani Taita, waimbaji wa benga wa Kikamba, yeyote aliyekuja na wimbo bila wapigaji. Kanda ikitoka, jalada lilikuwa na sura ya mwimbaji peke yake. Jambo hilo halikumuuma sana, kwa kuwa hakuna mpigaji aliyetajwa. Leo filamu kuhusu wapigaji wa zamani ilikuja kuwataja, na leo ndipo alipoumia.

"Filamu yetu imejaa wanaume tupu, na wengi ni wa Nairobi," Jacqueline alieleza, bila hila yoyote. "Tunataka wamama waonekane. Wakamba, Wataita, kila mtu. Si ni poa?"

"Ni poa. Lakini mimi sikupiga kayamba kamwe."

"Ni ya picha tu, mama."

Besi ilikuwa mikononi mwa Titus, mpigaji mtanashati aliyekuja na watu wa kamera. Kasiva alizitazama nyuzi za besi, kisha ncha za vidole vyake. Siku hizi anauza sokoni nyanya zitokazo Mahoo, lakini sugu hazijamtoka.

Mbele yake aliketi Mzee Oduor, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyepiga naye humu miaka yote, gita la solo mapajani. Treni ya mizigo ikapita, wakanyamaza wote wakiisubiri, kama zamani. Zamani, treni ikiisha kupita, hakuna aliyehesabu moja, mbili. Kasiva alikuwa akivua kiatu na kuinua kisigino, na kikigusa tu gunia lililotandikwa sakafuni, Oduor alikuwa akiingia.

"Haya, mzee, anza!" Jacqueline alisema.

Oduor hakuanza.

"Mzee?"

"Nangoja."

"Titus yuko tayari."

"Namngoja Kasiva." Aliinuka, akageuza kiti chake, akaketi tena akiwa ameipa kamera mgongo.

"Aki mzee, sasa hatukuoni uso!"

"Uso wangu haujawahi kupiga kitu," Oduor alisema. "Mimi huanza nikiona mguu wake. Vingine sijui."

Kasiva aliona haya kwanza. Kisha hasira ikampanda, hasira ya miaka, na nyuma yake furaha. Akaiweka kayamba chini.

"Titus, mwanangu, nipe hiyo besi. Na wewe Jacqueline, kama mwataka mama, mama ndiye huyu. Leso sivui. Lakini nionyeshe nikifanya kazi yangu."

Titus alimtazama Jacqueline. Jacqueline alitazama kioo cha kamera, ambamo mlikuwa na mgongo wa mzee na mwanamke aliyenyoosha mikono. Titus akauvua mkanda wa besi begani, akamkabidhi.

Kasiva aliketi, besi ikamlalia pajani juu ya leso. Akavua kiatu. Mpiga picha akapiga magoti bila kuambiwa, akaishusha kamera polepole hadi sakafuni.

Kisigino kikainuka.