Manjano ya Mke Mwenza

Mjukuu wangu Dercio ni mume wangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Kwa hiyo alipomleta mkewe Shamimu nyumbani, nilimpokea kama mke mdogo anavyopokelewa: nilimkagua miguu, nikamwonyesha chumvi ilipo, sukari nikaificha.

Miezi miwili haijaisha, mke mdogo akaanza kuinyemelea miti yangu. Nyuma ya nyumba nina mifenesi miwili na mti wa mkungu. Kivuli chake kimefunga hata ardhi haikauki, na maji ya bafuni yanapita hapohapo. Mimi hutandika mkeka wangu pale kutwa nzima. Shamimu alitaka miti ikatwe, pamwagwe zege, apate pa kuanikia nguo.

"Bibi, pale hapaoti kitu," alisema. "Kuna konokono tu na wewe."

"Konokono hawajalalamika."

Dercio, anayewaogopa wake zake wote wawili, akatoa hukumu. Nipande kivulini mimea isiyotaka kupandwa upya kila mwaka. Septemba nikionyesha iliyo hai, miti inabaki. Nikishindwa, Anold fundi mbao aje na msumeno wake wa injini.

Mvua za Desemba zilipoanza nami nikaanza kuchagua. Mchicha nikauacha, unaishi msimu mmoja kama mchumba wa mjini. Mrehani unalilia jua. Tangawizi niliijaribu pale maji yanaposimama, ikaoza, nikaifukia aibu yangu kabla Shamimu hajaamka. Magimbi yangenipa ushindi wa bure, maana yanapenda tope na Septemba yangekuwa bado ya kijani. Nikayakataa kwa sababu hiyohiyo. Ushindi ambao mwenzako anauona tangu Aprili una raha gani?

Nikachagua manjano. Niliinua matuta ili maji yapite chini, nikafukia vipande vyenye vijicho, nikavifunika kwa majani makavu ya mkungu. Machi yalikuwa yamenifika kiunoni, na Shamimu akawa anapita pale ameangalia pembeni. Julai majani yakapauka. Agosti yakalala chini yote, na mke mwenzangu akaanza kuimba jikoni.

"Pole, Bibi," aliniambia, akinimiminia chai yenye maziwa mengi. "Umejitahidi."

"Ndiyo uzee huo, mwanangu." Nikashusha mabega. Nilitia hata kikohozi kidogo.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, asubuhi, Shamimu akaja na Anold, msumeno begani. Dercio alisimama mlangoni akizitazama kandambili zake.

"Kabla hujakata," nikamwambia Anold, "mpe mke mwenzangu jembe aizike mimea yangu. Mimi mgongo hauniruhusu."

Shamimu alilishika jembe kwa adabu zote za msibani. Pigo la kwanza tu, tuta likapasuka na kutoa vidole vinono vya manjano, vimeshikana kama watoto kwenye baridi, kila kimoja na kijicho chake.

"Hawa ndio marehemu?" nikauliza.

"Bibi, ulijua."

"Yanalala kiangazi, mvua ikija yanaamka yenyewe. Hukuniuliza. Uliniletea chai."

Anold alicheka mpaka akauweka msumeno chini. Dercio akasema hukumu ni hukumu, miti inabaki, kisha akaondoka mbio kwenda kazini, Jumapili ileile.

Nilimngojea Shamimu anune. Yeye alikuwa ameshachuchumaa, anavunja kidole kimoja na kukinusa.

"Bibi, haya si ndiyo ya singo, ya kujisugulia mwili? Sokoni wanatuuzia ya unga, hujui wamechanganya nini."

"Ndiyo hayohayo. Bakiza mbegu."

Hakusikia, au alijifanya. Alimaliza tuta zima, akaingia la pili, akatwanga, akajipaka. Adhuhuri nilimkuta kwenye mkeka wangu chini ya mfenesi, amenyoosha miguu yake ya njano, ameegemea shina kama aliyelipanda yeye. Nikaketi ukingoni.

"Sogea kidogo upande ule, Bibi," alisema bila kufumbua macho. "Jua linanipata mguuni."