Kilomita ya Kumi na Moja

Kemuma alikuwa amefika katikati ya pindo uzi ulipokatika. Alilamba ncha yake, akaipitisha tena kwenye tundu la sindano, akaendelea kukanyaga cherehani. Kitambaa kilikuwa cha bluu, masalio ya sare za shule, na vazi lenyewe lilikuwa limeanza kama kaptura ya kukimbilia. Mwezi wa Juni alilishonea kipande likafika magotini. Julai akaongeza kingine, likafika katikati ya muundi. Sasa ilikuwa Agosti na alikuwa akiongeza cha tatu, kwa sababu Jumapili iliyopita baba mkwe wake, Mzee Ombui, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita kando ya migomba yake huko Gesima, alikuwa bado ameketi kando ya barabara kwenye kilomita ya kumi na moja.

Duka lake la ushonaji lilikuwa chumba kimoja sokoni Gesima. Ukutani, karibu na picha za mitindo ya magauni, alikuwa amebandika ratiba ya mazoezi ya wiki kumi na sita, aliyoinakili kwa mkono kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Marathoni ya Kisii ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba. Ratiba ilitaka mkimbiaji awe amefikisha kilomita thelathini mara tatu kabla ya siku hiyo. Kemuma alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita na hakuwa amezifikisha hata mara moja. Kumi na moja alikuwa amezifikisha mara tisa.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Juni. Alikuwa ametoka Gesima alfajiri pamoja na Calvince, muuzaji wa duka la dawa za mifugo jirani na lake, kijana wa Homa Bay ambaye naye alikuwa amejiandikisha. Walipofika steji ya magari ya Masimba, Mzee Ombui alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, amevaa koti lake la kahawia, kofia ameiweka gotini. Kemuma alifanya kile ambacho mke wa mwana aliyelelewa vizuri hufanya. Aligeuka kabla macho hayajakutana, akavuka mtaro, akasimama nyuma ya kibanda cha maparachichi. Kwa Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono wala hawakaribiani njiani. Mmoja hujitenga, na anayejitenga ni mke wa mwana, mokamwana. Heshima hiyo wanaiita chinsoni, na hakuna aliyewahi kumwambia Kemuma inakoma lini.

Alingoja dakika arubaini. Mzee hakuondoka. Calvince, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote, alikuwa amekimbia mbele, akarudi, akamkuta pale pale.

"Mzee ako sawa," alisema. "Ameniuliza kama dawa ya kupe imefika."

"Amesema kitu kuhusu mimi?"

"Anakusalimia. Hajaangalia upande huu hata kidogo. Huyo mzee ana adabu, Mama Purity."

"Mwambie nimesikia."

"Na amenipa maji. Ako na jagi."

Kemuma alirudi nyumbani kwa njia ya chini, akitembea.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa jambo moja. Alichukua daftari la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa mpya, akaanza kujaribu njia moja baada ya nyingine. Jumapili ya pili alikimbia kuelekea upande mwingine kabisa, kati ya mashamba ya chai. Kwenye kilomita ya kumi na moja mzee alikuwa ameketi juu ya magunia ya majani mabichi, kreti akiwa ameiweka kando. Jumapili ya tatu alizunguka uwanja wa shule ya msingi. Mzunguko mmoja ni mita mia nne, kwa hiyo alihesabu mizunguko ishirini na saba na nusu, na ule wa nusu ulipotimia mzee alikuwa ameegemea mlingoti wa goli. Alijaribu kukimbia kumi asubuhi na kumi jioni, na siku hiyo mzee hakuja kabisa. Lakini kumi mara mbili si ishirini, na ratiba ilikuwa imelisema hilo wazi.

Mwezi wa Julai alikwenda kwao Marani, kwa kaka yake Mose. Aliwaza kwamba mkwe hawezi kwenda kwa wakwe bila kualikwa. Mzee Ombui alikwenda. Aliketi kwenye njia panda, kofia gotini, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na Mose alipoitwa na majirani alilazimika kukimbia na kiti na birika. Jioni alimkaripia dada yake.

"Ungetuambia unakuja na mkwe. Tumempa chai ya rangi. Hata maziwa hatukuwa nayo."

"Sikuja naye."

"Alifuata nani basi? Ng'ombe?" Mose alikuwa ameudhika kweli. "Ameisifu, lakini nimemwona akitafuta sukari kwa macho."

Kemuma aliandika kwenye daftari: Marani, hapana.

Mume wake, Ogoti, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, na ndiye aliyemnunulia viatu vya kukimbilia. Alisahihisha madaftari ya wanafunzi huku akimsikiliza hadi mwisho.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Kwamba aondoke barabarani? Ni baba."

"Mwambie asogee tu, Mwalimu. Akae kilomita ya hamsini. Sitafika huko."

"Na akiuliza kwa nini?"

"Mwambie nakimbia."

Ogoti aliweka alama ya vyema kwenye jibu lisilo sahihi, akagundua, akaifuta. "Mambo ya mke wangu na baba yangu siwezi kuyataja mbele ya baba yangu. Unajua." Kemuma alijua. "Mimi niko upande wako," akaongeza Ogoti, na ilikuwa kweli, na haikusaidia.

Mama mkwe, Mama Ogoti, alipopata habari aliuliza swali moja tu: mzee amevaa nini. Alipoambiwa ni lile koti la kahawia, alitikisa kichwa. Koti hilo lilikuwa jepesi, na Agosti ya Gesima ina baridi na mvua ya mawe. Alimtuma Calvince ampelekee mwavuli. Calvince aliukimbiza mkononi kilomita kumi na moja na kurudi na salamu za shukrani.

Wazee wa ukoo nao walikuwa wamekwenda kuona tangu mwezi wa Juni. Walifika Masimba Jumapili moja mapema, wakiongozwa na Mzee Momanyi aliyekuwa na kamba ya kupimia mashamba. Walimsalimia Mzee Ombui, wakaketi naye, wakazungumza juu ya kesi ya mpaka ambayo haikuwa imekwisha tangu afe. Kisha wakapima barabara. Mahali alipoketi mzee, malori mawili yangeweza kupishana na pikipiki katikati. Jioni walikuja nyumbani kwa Ogoti na kutoa uamuzi wao. Mzee Ombui hakuwa ameziba njia. Walimsifu Kemuma kwa malezi yake mema, wakasema wake wa siku hizi wangepita tu. Kuhusu kaptura hawakutaka kusema mengi, ila mmoja wao alikohoa. Ndiyo sababu ya kipande cha kwanza, kisha cha pili, na sasa hiki cha tatu.

Pindo lilipokwisha, sketi ilifika kwenye kifundo cha mguu. Jumapili iliyofuata Kemuma alikimbia nayo hadi Masimba. Mzee aligeuza uso upande wa mlima, kama inavyotakiwa. Barabara ilikuwa tupu na pana. Kemuma alipunguza mwendo, akatembea, akasimama. Hakuna kitu kilichomshika. Alijichunguza kwa makini, kwa sababu alitaka kuwa na uhakika, na miguu ilikuwa mizima, pumzi ilikuwepo. Aliyesimama ni yeye. Akavuka mtaro, akaenda nyuma ya kibanda. Mwenye maparachichi alikwisha kumwekea kigoda.

Akiwa amekaa pale ndipo alipolikumbuka lile gari la bluu.

Ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita, mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Kocha aliyemwona akikimbia shuleni alikuwa amemwandikia barua: kuna nafasi katika kambi ya mazoezi, gari litapita Masimba saa moja asubuhi. Mzee Ombui hakusema ndiyo wala hapana, kwa sababu hakuwa akizungumza na mke wa mwanawe moja kwa moja. Kemuma alifunga mkoba na kutembea kilomita kumi na moja. Alipofika, gari lilikuwa limesimama steji, mlango wazi, na kando ya mlango, juu ya kreti ya soda, alikuwa ameketi baba mkwe wake. Kemuma alisimama nyuma ya kibanda kile kile. Kocha aliita jina lake mara mbili. Gari likaondoka. Baadaye mzee alieleza kwamba alikuwa akingoja usafiri wa kwenda Kisii kung'oa jino, na huenda ni kweli, maana alirudi jioni akiwa na pengo. Nyumbani ilisemekana kwamba Kemuma alibadilisha nia. Hata yeye alikuwa amezoea kulisema hivyo.

Aliandika kwenye daftari umbali huo wa kutoka nyumbani hadi steji, akapigia mstari, ingawa hakujua aufanyie nini.

Siku ya marathoni manyunyu yalianza saa kumi na mbili. Kemuma alikuwa na namba 408 kifuani na sketi ndefu iliyolowa na kuwa nzito kabla ya kilomita ya tatu. Hata hivyo alikimbia vizuri. Vilima alivipanda kwa hatua fupi kama ratiba ilivyoelekeza, na kilomita kumi alizimaliza kwa saa moja na dakika nne. Calvince alikuwa kando yake akihesabu pumzi.

"Leo kuna watu wengi," alisema Calvince. "Huenda amekosa nafasi."

Hakuwa amekosa. Kwenye kilomita ya kumi na moja kulikuwa na meza ya maji, na mwisho wa meza Mzee Ombui alikuwa ameketi juu ya kreti, mwavuli begani, akiwapa wakimbiaji vikombe. Wasimamizi walikuwa wamempa fulana ya wahudumu, akaivaa juu ya koti. Wanaume walichukua maji, wakasema asante mzee, wakapita.

Kemuma alisimama hatua kumi kabla ya meza. Msimamizi wa mahali hapo, msichana aitwaye Maureen, alimkaribia na filimbi yake.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nenda umwambie yule mzee asogee."

Maureen alitazama. "Lakini anakusikia, mama. Hapo si mbali."

"Najua. Mwambie."

Maureen alikwenda hatua kumi, akasema. Kwa miaka kumi na sita hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Kemuma kumfikia mzee yule zaidi ya salamu. Mzee aliyasikiliza huku akitazama upande wa migomba iliyokuwa kando ya barabara. Alijibu taratibu, na Maureen akarudi na jibu.

"Anasema hajakuzuia."

Kemuma alikamua maji kwenye pindo la sketi.

"Anasema barabara ni ya serikali, na ni pana. Anasema pita, binti yangu. Amesema hivyo, binti yangu."

Kisha mzee alifanya jambo la heshima. Aliinuka, akaivuta kreti nyuma hadi ukingoni mwa mtaro ili nafasi iongezeke, akaketi tena, akamgeuzia Kemuma mgongo na kujifunika kwa mwavuli. Calvince alifungua jaketi lake na kulitandaza kama pazia.

"Pita nyuma yangu, Mama Purity. Hatakuona."

Kemuma alipiga hatua mbili. Alimwona yule mzee alivyojikunja kwenye mvua ili asimwone, viatu vyake vya kuzikiwa vikiwa ndani ya maji ya mtaro, na hapo ikawa ngumu kuliko siku zote. Kama mzee angemtukana, Kemuma angepita. Kama mzee angenyoosha mguu barabarani, angeuruka. Alimwambia Calvince aendelee, asije akapoteza muda wake. Calvince aliendelea, akamaliza marathoni kwa saa nne na dakika kumi na tisa. Kemuma alisimama kwenye kibaraza cha duka la sabuni hadi gari la kuokota waliochelewa lilipokuja. Karani aliyekuwa ndani aliuliza sababu, na Maureen akamjibu kwa niaba yake: alibadilisha nia.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa limebakisha kidogo kutua, Kemuma alifungua duka, akaianika sketi karibu na jiko hadi ikakauka, akaiweka juu ya meza. Akachukua wembe, akaanza kufumua kipande cha tatu, mshono mmoja mmoja, maana uzi ulikuwa mzuri na angeutumia tena. Mama Ogoti aliingia akiwa na chupa ya chai.

"Alikuwa na mwavuli?"

"Alikuwa nao."

"Vizuri." Mama Ogoti alimimina chai, akaketi kwenye benchi la wateja. Alitazama wembe ukienda. "Umefika wapi leo?"

"Kumi na moja."

"Ni mbali," alisema Mama Ogoti. Alipuliza chai, akanywa. "Wangu huketi pale mtoni, kwenye daraja la miti. Baba mkwe wangu, babake Mzee Ombui. Nilikuwa nataka kwenda ng'ambo kusomea ukunga, wakati Ogoti hajazaliwa. Kutoka nyumbani haifiki hata kilomita mbili."

Kemuma aliinua kichwa. "Bado yuko?"

"Ataenda wapi? Nilimpelekea blanketi mwaka ule wa baridi. Nililiacha kwenye jiwe." Akaangalia ndani ya kikombe. "Kumi na moja umejitahidi, mokamwana."

Walikunywa chai. Mwanga ulipoanza kupungua dirishani, Kemuma alikuwa amefumua nusu ya mzunguko, na sketi ilikuwa ikifika kifundoni upande mmoja na katikati ya muundi upande mwingine. Aliondoa karatasi ya ratiba ukutani, akaigeuza, akaandika juu upande wa nyuma: Jumatatu, kilomita kumi na moja. Kisha akachukua chaki, akaweka alama kwenye mshono pale alipoishia, akauchomeka wembe ndani ya kitambaa, na kufunga dirisha.