Lipe Ini Muda

Katika hospitali ya misheni alikofanya kazi Dokta Elieth, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mgonjwa wa ini akishaanza kuweweseka waliitwa ndugu zake. Waliambiwa kwa upole wamchukue wakamuuguze nyumbani, na kila mtu alielewa maana ya maneno hayo. Haukuwa ukatili. Ndivyo walivyofundishwa madaktari wote waliomtangulia: ini likishindwa, mtu amekwisha.

Elieth hakukubaliana nao. Alikuwa binti wa wafugaji wa Bahi, mwembamba, msemaji wa taratibu, lakini akishashika jambo haliachi. Alipokuwa akisomea ubingwa Dar es Salaam utafiti wake wote ulikuwa juu ya ini, na alichokiona huko hakikumtoka moyoni. Ini si kama moyo wala ubongo. Likiumia linaweza kuchipua upya, kama mti uliofyekwa ukipata mvua. Kinachomuua mgonjwa ni kwamba mwili wake hauwezi kungoja hadi ini lichipue. Basi kazi ya daktari, alisema Elieth, ni kuushikilia mwili: sukari isishuke, damu igande inavyopaswa, tumbo lisafishwe ili sumu ya matumboni isipande kichwani, homa itibiwe mapema, na mgonjwa asipewe dawa yoyote isiyo ya lazima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponya ini. Vyote hulipa ini muda.

Mganga mfawidhi, Dokta Charles, alimsikiliza zaidi ya mara moja na kila mara akamkatalia. Alikuwa mtu mzima aliyeizoea shida. Dripu zilikuwa chache, na zilingojewa na watoto wenye kuharisha na akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Hakuona haki kumnyang'anya anayeweza kupona ili apewe anayekufa. Elieth aliijua nguvu ya hoja hiyo, na ndiyo maana ilimuuma.

Kisha ukaja mwaka ule baada ya mvua za El Nino. Mvua zilikwisha, upepo mkavu wa Julai ukaanza kupuliza vumbi, na hapo wakaanza kuletwa wagonjwa wenye macho ya manjano. Walitoka upande mmoja, vijiji vya kupita Haneti. Wengine matumbo yalijaa maji, wengine walitoka damu kwenye fizi. Hospitalini watu walisema ni pombe. Vijijini watu walisema kuna mkono wa mtu.

Lameck aliletwa akiwa amelazwa kwenye tela la trekta. Alikuwa katekista wa kanisa la kijiji chake, mkulima mwenye mabega mapana, ila sasa ngozi imekuwa rangi ya binzari. Mkewe, Paulina, aliulizwa na kila aliyempokea kama mumewe ni mnywaji. Alipoulizwa tena na Elieth, alikuwa amechoka kujitetea.

"Dokta, mume wangu hajawahi kuonja hata togwa iliyolala," alisema. "Andikeni mnavyotaka, lakini pombe msiandike."

Elieth alimwamini. Jioni ile Lameck alianza kumwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake, na muuguzi akauliza kama ndugu waitwe. Elieth akaenda moja kwa moja kwa Dokta Charles. Hakubishana. Aliomba mgonjwa mmoja tu.

Charles alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mmoja," alisema. "Akifa, hatutalizungumza tena."

Kesho yake Lameck hakumtambua mtu, na siku iliyofuata hakuamka kabisa. Wauguzi walimwekea mpira puani, wakamlisha uji mwepesi wenye sukari. Walimsafisha tumbo, wakamgeuza ubavu huu na ubavu ule, wakampima sukari bila kuchoka. Elieth alikula amesimama. Paulina alijifunza kumfuta mumewe kinywa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, na kazi hiyo hakumwachia mtu.

Ndipo alipofika kaka mkubwa wa Lameck, Bartolomayo, na gari la kukodi. Watu wamekwisha kusanyika nyumbani, alisema, na si vizuri mtu afie ugenini kati ya watu wasiomjua. Alisema kwa heshima, machozi yakimlengalenga. Elieth hakuwa na mamlaka ya kumzuia, wala hakutaka kumdanganya. Alimweleza kwamba hawezi kuahidi uzima. Anachoweza kusema ni kwamba fizi za Lameck zimeacha kutoka damu, na hiyo ni dalili kwamba ini limeanza kufanya kazi kidogo.

Bartolomayo akamgeukia shemeji yake. Paulina alikuwa ameshika kitambaa chake, hakukiweka chini.

"Shemeji, gari lirudi," alisema. "Ukitaka kumzika mdogo wako, ngoja kwanza afe."

Bartolomayo alitoka, akamruhusu dereva aondoke, kisha akarudi kukaa kwenye benchi nje ya wodi, akakaa hapo kama aliyepigiliwa misumari.

Jumapili asubuhi wanakwaya walikuwa wakiimba kanisani, ng'ambo ya uwanja wa hospitali. Elieth alikuwa ameinama kusikiliza kifua cha Lameck aliposikia mngurumo. Alidhani ni pumzi mbaya, akashtuka. Alipoinua kichwa aliona midomo ya mgonjwa ikicheza. Katekista alikuwa anafuata sauti ya besi, kwa kukwaruza, nyuma kidogo ya kwaya. Wimbo ulipokwisha alifumbua macho, akamtazama mkewe, akamwita Paulina. Halafu akasema anatamani mlenda.

Elieth alitoka akaenda nyuma ya wodi, akaegemea ukuta, akalia na kucheka kwa pamoja.

Dokta Charles alikuja mwenyewe. Alimwambia Lameck anyooshe mikono na kuinua viganja, kama anayesimamisha gari. Sumu ya ini ikiwa bado kichwani viganja hupigapiga kama mabawa. Vya Lameck vilitulia. Charles aliviangalia, akavishika vyote viwili.

"Chumba cha mwisho wodini ni chako," alimwambia Elieth. "Dripu nitazitafuta mimi."

Na kweli alizitafuta, akagonga kila mlango Dodoma mjini, kwa maaskofu na kwa wabunge. Chumba kikajaa wagonjwa, na wengi wao wakaanza kuinuka. Lakini wapya waliendelea kuletwa, na Elieth aliona anachota maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Akapanda gari la hospitali pamoja na Paulina, wakaenda kijijini.

Walipokelewa kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na vigoda vya kukalia. Elieth aliketi, lakini kitu kilimsumbua, na ilimchukua muda kukijua: walikuwa wamepita nyumba hadi nyumba na hakuna mbwa aliyewabwekea. Alipouliza, Paulina alijibu kwamba mbwa walikufa wote, tangu kabla watu hawajaanza kuugua. Walikuwa wakila nini? Ugali, kama sisi, alisema Paulina.

Elieth aliomba kuona unga, kisha mahindi. Tangu biashara ya nafaka ilipoachwa huru na malori ya wanunuzi kuanza kufika, kijiji kilikuwa kimepunguza mtama na uwele na kulima mahindi ya kuuza. Mwaka ule barabara zilikatika, malori hayakuja. Mahindi yalivunwa yakiwa na maji, yakarundikwa ndani ya nyumba juu ya sakafu ya udongo kungoja bei. Elieth alipofukua katikati ya lundo mkono ulihisi joto, na punje alizozitoa zilikuwa na ukungu wa kijani. Alichukua za kutosha, akazipeleka kwa wataalamu wa chuo kikuu Morogoro. Jibu lilikuja: sumu ya kuvu, ile inayolenga ini, na kwa wingi wa kutisha.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia watu wanaoijua njaa watupe chakula. Mkutano wa kijiji ulimsikiliza Elieth, lakini hakuna aliyejitolea kuanza. Ndipo Lameck, aliyeruhusiwa wiki ile, akasimama akishikilia fimbo, macho bado na umanjano kidogo.

"Mimi mlikuwa mmeshanililia," alisema. "Nimerudi. Lundo langu liwe la kwanza."

Siku ile mahindi yalifukiwa hadi jioni, nyumba baada ya nyumba, na Bartolomayo ndiye aliyechimba shimo kubwa kuliko yote. Makanisa na serikali ya wilaya wakaleta mtama. Kabla ya Krismasi chumba cha mwisho wodini kilikuwa kitupu, kwa kukosa wagonjwa.

Mwaka uliofuata madaktari wa kanda ya kati walikutana Dodoma, na Elieth akawasomea utafiti wake: kilichosababisha ugonjwa, na jinsi wagonjwa walivyoshikiliwa hadi ini likarudi. Bingwa mmoja aliuliza, si kwa ubaya, iliwezekanaje bila mashine. Dokta Charles alisimama kabla Elieth hajajibu.

"Mimi nilimkatalia," alisema. "Yeye alikuwa sahihi. Kama mna wodi, mna sukari na mna wauguzi, anzeni kesho."

Ukumbi mzima ulisimama. Waganga wa Singida na Kondoa walimzuia Elieth mlangoni wakitaka awafundishe, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefika kote.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka huo ilipofika, kijiji kilimwita. Mtama ulikaushwa vizuri safari hii, umewekwa juu ya vichanja. Bartolomayo aliwasimulia wageni jinsi yeye mwenyewe alivyokataa mdogo wake aondolewe hospitalini, na Paulina akamwacha aseme. Wanawake walibana ngoma mapajani, wakazipiga mpaka vumbi likapanda. Walipomvuta Elieth katikati alijitetea kwamba amekaa mjini mno, amesahau kucheza. Hawakumsikiliza. Alivua viatu, akaingia.