Kamba ya Daraja la Hemedi

"Acha ile gogo, Baba. Hii kilalo ni ya Leta," alisema Gédéon, mtoza ushuru wa serikali darajani.


Hemedi alikuwa amepiga magoti katikati ya daraja, shoka mkononi. Gogo jipya lilimngoja ukingoni, likinuka utomvu. Alibonyeza la zamani kwa kidole gumba na kidole kikazama.

"Gédéon, hii imeoza. Gusa wewe mwenyewe."

"Naona. Lakini bila otorizasyo, barua ya wakubwa kule Kasongo, mutu asiguse."

"Mimi njo nilijenga."

"Tunajua, Baba. Merci."

Kabla ya daraja, watu wa Wamaza waliosukuma baiskeli za mawese kwenda Kasongo walivuka mto na madumu mabegani, maji kifuani. Leta haikuonekana. Hemedi alichoka kuwatazama, akaangusha magogo, akayafunga kwa kamba za msituni alizozisokota mwenyewe. Hakumdai mtu. Alitundika kikapu kwenye nguzo, akaenda zake shambani. Aliyetaka kushukuru aliacha alichokuwa nacho: chumvi, muhogo, kikombe cha mawese. Asiyekuwa na kitu alikisalimia kikapu akapita, na jioni hakikukosa kitu.

Kisha akaja Gédéon na mwenzake mwenye bunduki. Hapo ndipo roho inapomuuma Hemedi: aliwapokea mwenyewe. Alidhani Leta imeikumbuka njia. Aliwapa miti iliyobaki wajenge kibanda, na mkewe Chadia akawapikia sombe, majani ya muhogo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Hawa walikuja na kamba yao wakamfunga mwenyeji. Waliikaza toka nguzo hadi nguzo, kikapu wakakiingiza kibandani. Tangu hapo kila dumu lilitoa kipimo chake cha mafuta kwa Leta, mwenyewe apende asipende. Hata Hemedi, akitoka shambani kwake, alitoa.

Asubuhi ile Feza, mdogo wake, aliteremka mlima akiizuia baiskeli iliyojaa madumu.

"Yaya, nipite?" alimwuliza kaka yake.

"Usipite. Gogo ya katikati itavunjika na wewe."

"Na mafuta yangu?"

Hemedi aliitazama bunduki iliyoegemea kibanda, mwenzake Gédéon ameketi kando yake. Alitamani kupiga shoka na liwe litakalokuwa. Aliogopa, na akaona aibu kwamba anaogopa. Basi akaliweka shoka chini, akajitwika dumu moja la Feza begani, akaingia mtoni palepale walipokuwa wakivukia zamani.

"Umezeeka, Yaya," Feza alisema akimfuata na dumu lake, "lakini nguvu ya punda ungali nayo."

Wasukuma baiskeli wengine walikuwa wamefika. Walitazamana, wakaanza kufungua mizigo yao kimyakimya, wakaingia majini mmoja mmoja. Kamba ilibaki inalinda daraja lisilo na mtu. Hemedi alifurahi, furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kikapu kiondoke.

Gédéon alijikuna kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu mwenye wakubwa wake.

"Baba, maji pia ni ya Leta."

Aliifungua kamba toka nguzoni. Haikutosha kufika ng'ambo kwa njia ya maji. Akatazama huku na huku, akaona pembeni ya gogo jipya zile kamba za msituni ambazo Hemedi alikuwa ameziandaa. Akaziunga, akaingia mtoni na viatu vyake.

"Shika huu mwisho, Baba. Nikafunge ule upande."

Hemedi alikuwa katikati, dumu begani, mkono mmoja mtupu. Kabla hajajibu, kamba ilikuwa kiganjani mwake na Gédéon alikuwa amempita. Hatua chache mbele mguu wa Gédéon uliteleza. Akazama hadi kidevuni, akaning'inia kwenye kamba.

"Usiachilie, Baba. Mimi sijui kuogelea."

Ng'ambo, Feza, aliyekwisha kuwapita, alisimama na dumu lake. Mto ulivuta. Hemedi alikaza mkono, na kamba aliyoisokota mwenyewe haikukatika.